Swali la Pili

Bwenini,
Jumapili mchana

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Na nyingine ya akiba, maana ya kwanza najua itakukuta umebana pini midomoni na marahaba yako itatokea puani. Natumaini nyote hamjambo hapo nyumbani, cherehani haisumbui, na paka bado anajiona ndiye mwenye duka. Mimi huku sijambo, ni mzima wa afya, na masomo yanakwenda vizuri. Mpe salamu mdogo wangu, ambaye naona siku hizi ndiye karani wako, kwa kuwa barua zako za karibuni zote zimekuja kwa mwandiko wake. Mwambie herufi zake zimelala kama watu waliokesha msibani, ila nazisoma hivyo hivyo.

Uliniuliza kama nimepata marafiki. Nimepata, na majuzi nilikwenda nao mlimani. Safari hiyo ndiyo nataka kukusimulia, kwa hiyo weka mkasi chini kwanza.

Watu wa huku ni wema, Shangazi, sitawasingizia. Ila wanasalimiana huku wakitembea. Mtu anakuuliza u hali gani, ukigeuka kumjibu unakuta mgongo. Mwanzoni nilidhani wana haraka ya kazini, nikasubiri siku za mapumziko, nikaona ni vile vile. Mimi nimekulia chini ya meza yako ya kukatia nguo, na najua salamu inavyokwenda. Mteja anaingia, anasema hajambo, za nyumbani nzuri, za watoto nzuri. Unamzungushia utepe kifuani na kumuuliza tena. Utepe ukifika kiunoni ameshakwambia kuwa mume amehama na shuka. Ile nzuri ya kwanza ni ya adabu tu, ni mlango wa kuingilia, na habari yenyewe iko ndani. Huku mlango ndio nyumba nzima. Tangu nifike nimejibu niko sawa mara nyingi mpaka neno lenyewe limeniisha ladha, na jioni narudi chumbani, navua viatu, nakaa kitandani nikisikiliza majirani wakicheka nyuma ya ukuta.

Kwa hiyo waliponialika mlimani nilikubali kabla sijaulizwa vizuri. Tulikuwa wanne: mimi, msichana ninayeishi naye chumba kimoja, na wavulana wawili tunaosoma nao maabara. Mmoja namwita Ramani, kwa sababu alijitangaza kiongozi na kusema njia zote za mlima ule ziko ndani ya simu yake. Wa pili namwita Kofia. Huyo alitukawiza asubuhi nzima akitafuta kofia yake, na ilikuwa kichwani. Nilialikwa kwa kuwa gari lilikuwa na nafasi moja. Nilijua hilo, na bado nilifurahi kama mtoto aliyenunuliwa viatu.

Tulikwenda kama watu wanaokwenda sokoni na kurudi. Chakula chetu kilikuwa biskuti na chupa ya maji kwa kila mtu. Niliazima raba za msichana wa chumba cha jirani, zikanibana vidole. Wenzangu walivaa sweta nyepesi, nami nikavaa koti lako la bluu, lile ulilonishonea ukalituma kwa mkono wa msafiri, maana ndilo zito kuliko nguo zangu zote. Pale tulipoegesha gari, mzee anayekata tiketi alitazama miguu yetu, akatazama mawingu, akatushauri tuje siku nyingine na mapema. Ramani alimwonyesha simu. Wahenga hawakukosea waliposema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Langu liliteguka tu, labda kwa sababu mimi nilisikia nusu.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Tuliimba, Kofia akatupiga picha, na mwenzangu wa chumba akanishika mkono kuvuka kijito. Nilisema moyoni kuwa sasa nimefika. Kisha njia ikawa mawe matupu, ukungu ukashuka, na mvua ndogo ya baridi ikaanza, ile isiyo na kelele lakini inaingia mpaka kwenye mifupa. Ramani alitoa simu akakuta imezimika, akaazima ya Kofia, ambayo haikuwa na ramani yoyote. Hapo tukakubaliana kugeuza. Wao walishuka upesi kwa sababu ya baridi. Mimi vidole vilikuwa vinaniuma, nikabaki nyuma kidogo, halafu nyuma zaidi, mpaka sauti zao zikaishia kwenye ukungu. Nikakanyaga jiwe lenye utelezi, kifundo cha mguu kikapinduka, nikaanguka.

Nilikuwa bado chini pale simu yangu ilipolia. Alikuwa Ramani, kwa simu ya Kofia. Aliniuliza kama niko sawa.

Nikamjibu niko sawa.

Usinicheke, Shangazi. Wewe mwenyewe ndiye uliyenilea hivyo. Hata mwenye msiba akiulizwa habari husema nzuri kwanza, ndipo aseme ila tumefiwa. Nilisema niko sawa nikanyamaza, nikisubiri aniulize tena ili nimwambie kuwa mguu umeteguka na siwezi kushuka peke yangu. Yeye akasema vizuri, tutakutana kwenye gari, akakata. Nilipompigia, mtandao ulikuwa umepotea. Wanasema milima haikutani ila binadamu hukutana. Siku ile binadamu wote walikuwa wameshuka, na mimi nilikuwa nimekutana na mlima.

Nilijikokota mpaka kwenye jiwe lililokuwa kando ya njia nikakaa.

Hapa sasa ndipo penye uzito, nami naomba usishtuke, kwa sababu ninayekuandikia niko chumbani na nimekula. Sikukaa kwenye jiwe lile kwa ajili ya mguu. Mguu ungeweza kukanyaga kwa kuchechemea, nilijaribu na nikaona. Nilikaa kwa sababu sikuona ninaharakia nini. Niliwaza kuwa nikishuka nitaulizwa kama niko sawa, nitajibu niko sawa, tutapanda gari, nitarudi kitandani kwangu kusikiliza ukuta. Nikaona hapa na kule ni mamoja. Baridi ikaanza kunilegeza, nikaacha hata kutetemeka, na kuacha kule kulinifurahisha. Nilikuwa mpweke, Shangazi. Nilikuwa mpweke kiasi cha kukubali kubaki mlimani.

Akapita mwanamke mfupi, mtu mzima, amebeba mgongoni masufuria yaliyofungwa kwa kamba. Baadaye nilijua kuwa ni mpishi wa kibanda cha juu wanakopumzika wapanda mlima, na alikuwa anateremka nyumbani kwake. Aliniuliza kama niko sawa. Nikajibu kama kawaida yangu. Akaitikia kwa kichwa akapita, nami nikayasikia masufuria yake yakigongana kuteremka, yakigongana, kisha yakanyamaza. Halafu yakaanza kugongana yakija juu. Alirudi mpaka mbele yangu, akainama, akanitazama usoni.

“Nilikuuliza kwa adabu,” akasema. “Sasa nakuuliza kwa kutaka kujua. Una nini?”

Nililia, Shangazi. Nililia kama siku ile nilipojichoma kidole kwa sindano ya cherehani, kwa sauti na kwa makamasi. Nilimweleza mambo ya mguu, ya simu, ya chumba, ya ukuta, hata habari zako nilimpa. Sijui alielewa kiasi gani, maana lugha yao ilikuwa imenichanganyikia mdomoni. Alinipa chai kutoka kwenye chupa yake, akafunga kifundo kwa aproni yake ya jikoni, kisha akaanza kunifunga koti vifungo.

Mjini hulivaa wazi, sijawahi kulifunga mpaka chini. Kifungo cha kwanza kiliingia vizuri. Cha pili kikavutana. Cha tatu tundu lilikuwa limeshuka, cha nne limeshuka zaidi, na cha mwisho hakikuwa na mahali pa kuingia kabisa. Yule mama akacheka taratibu, akasema fundi wa koti hili alikuwa na haraka. Nikakasirika, machozi yakiwa bado usoni. Nikamwambia shangazi yangu hajawahi kuwa na haraka tangu azaliwe, na kwamba tundu la kifungo kwake ndiyo sahihi ya fundi, hampi mtu mwingine amtobolee, na likikosewa kwa unene wa uzi hulifumua na kuanza upya. Niliyasema hayo yote kwa kujigamba. Kisha nikajisikia mwenyewe nilichosema, nikayapapasa matundu yale kwa kidole.

Tuliteremka pole pole, yeye akiwa fimbo yangu. Wenzangu walikuwa kwenye gari, wamelowa, na Kofia alikuwa ameshakwenda kumwita mzee wa tiketi. Mwenzangu wa chumba alinikumbatia akilia. Ramani alikuwa mweupe kwa hofu, akafoka, “Si ulisema uko sawa?” Ni kweli, nilisema. Simlaumu. Tuliporudi chumbani mwenzangu aliniuliza kama niko sawa, nikamjibu hapana. Hakujua afanye nini na jibu hilo. Lakini alikaa kwenye ukingo wa kitanda changu, na tangu siku hiyo hunisalimia akiwa amesimama. Si haba.

Kwa hiyo lile nililoandika mwanzoni, kwamba sijambo na mzima wa afya, lilikuwa la adabu. Mguu unapona, ila mimi bado. Nimekueleza yote bila kukunja pindo, kwa sababu sasa ni zamu yako.

Tangu nilipoanza kupata akili nimekuona ukiwauliza watu mara ya pili na ya tatu. Nimefikiri sana na sikumbuki kumsikia mtu akikuuliza wewe. Mimi mwenyewe kila barua nimesoma kuwa hamjambo, nikafurahi, nikakunja karatasi. Nimepita na mgongo wangu kama watu wa huku.

Mdogo wangu, najua ni wewe unayesoma hapa kwa sauti, na yeye ameinamisha kichwa kukusikiliza. Usiruke maneno haya, na ukijibu andika atakavyosema, usimpunguzie.

Shangazi, mwanzo nilikuuliza kwa adabu. Sasa nakuuliza kwa kutaka kujua. Macho yako yanaona mpaka wapi?

Nasubiri, na koti sitalipeleka kwa fundi mwingine. Wasalimie majirani, na paka mwambie ahame kwenye kiti chako.

Ni mimi binti wa kaka yako,
uliyembandika jina la Uzi