Mstari wa Kupunga Mikono

Kigongo, 8 Septemba 1996

Kwa mwanangu Luhende, mwenye jina la baba yangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Ukiniuliza hali, mimi ni mzima, ila macho ni yale yale mekundu. Kuni zimekwisha huku, samaki tunawabanika kwa samadi ya ng'ombe, na moshi wake unaniliza bila msiba. Mkeo Hellen hajambo? Mwambie mjukuu bado namngoja.

Sasa kaa chini. Shangazi yako ni mcheza filamu. Usicheke. Unamkumbuka Mutalemwa, yule Mhaya mpiga picha za harusi pale Mwanza mjini, aliyekupiga picha ya kipaimara? Ameamua kutengeneza filamu yake mwenyewe, bila kampuni wala mfadhili, kwa kamera ile ile ya harusi. Inaitwa Mzuia Mvua. Alikuwa hapa akingoja pantoni ya kuvuka kwenda Busisi, akanunua samaki, akanitazama usoni, akasema, "Mama, macho yako nayataka." Nikamwambia bado nayatumia.

Basi nimekuwa mchawi anayezuia mvua. Nyumba ni yangu, chungu ni changu, hata jina ni langu, maana tulipopewa majina mengine tuliyasahau, mtu anaitwa haitiki. Chenge, jirani yangu anayekuja kunywa chai kila asubuhi, ndiye anayewaongoza vijana kuvunja mlango wangu. Mlango wenyewe waliung'oa kwanza wakaweka wa mabua, kisha wakanirudishia. Wakishavunja tu, mvua inanyesha. Filamu tuliipiga Aprili, kwa hiyo ni mvua ya kweli.

Ninapopapenda mimi ni mwisho kabisa. Mutalemwa ametupanga mstari kama tuko harusini, kila mtu anasema jina lake na la baba yake na kupunga mkono. Chenge amenishika bega, tunacheka. Wewe unaandika habari za filamu gazetini. Mkanda nimempa Luhaga wa hapa pantoni, anakuja huko na treni. Utazame mpaka mwisho, halafu useme ukweli. Usinipendelee.

Shangazi yako,
Bernadeta


Dar es Salaam, 29 Septemba 1996

Shikamoo Shangazi,

Milele amina. Mimi na Hellen tu wazima, ni joto tu linalotuonea. Mjukuu tunamwomba Mungu pamoja nawe.

Luhaga alifika na mkanda. Umesema nisikupendelee, na sikukupendelea. Haya ndiyo niliyoandika kwenye safu yangu: "Filamu zetu nyingi za mikanda ni michezo ya redio iliyotiwa picha. Watu wamekaa kwenye makochi wanasubiriana kusema. Mzuia Mvua haina kochi hata moja. Ina mama mmoja, chungu na moshi, na unamwogopa kabla hajafungua mdomo." Mhariri wangu ameniuliza mara mbili huyo mama ni nani. Nikamwambia, damu yangu.

Lakini Mutalemwa nimemkaripia. Ule mstari wa kupunga mikono ni harusi, si filamu. Nimemwuliza: umetutia hofu saa nzima, halafu unatuambia ulikuwa unatuchezea? Mlango umevunjika, mvua imenyesha, giza. Hapo iishe. Nimemwandikia akate, na asihangaike kuwaonesha wenye suti mjini. Filamu ya mtu asiye na kampuni ina faida gani kama haiwezi kurudi ilikozaliwa? Aipeleke vijijini, watu wajione. Amepiga simu ofisini, amefurahi mno. Amekwisha kata.

Najua ulipapenda pale. Usininunie. Mpishi mzuri hujua wakati wa kuepua chungu, na wewe ndiwe uliyenifundisha hilo.

Mwanao,
Luhende


Kigongo, 3 Novemba 1996

Kwa mwanangu Luhende,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi naendelea. Mvua ya Oktoba haijaja, mbuzi wanakula karatasi. Msalimu Hellen.

Mutalemwa alileta filamu kwenye kibanda cha video cha Masalu, hapa hapa pantoni. Watu walijaa mpaka wengine wakachungulia kwenye matundu ya bati. Mimi nilichelewa kwa sababu ya samaki, nikakaa nyuma. Chenge alipovunja mlango watu walisimama. Mvua iliponyesha walipiga makofi, wanawake wakapiga vigelegele. Kisha giza. Mimi nikawa nangoja mstari wetu. Nilikuwa nimejifunga kitenge kile kile ili watu wanitambue, wacheke. Masalu akazima mashine. Watu wakageuka kutoka, wakanikuta nimekaa pale. Hakuna aliyecheka, Luhende.

Tangu siku ile samaki wangu wananunuliwa na wasafiri tu, na hata hao kuna mtu huwanong'oneza. Watoto wa jirani yangu Mhoja waliokuwa wakinitekea maji wamekatazwa. Chenge anaitwa shujaa kila anakopita. Jana nilimsikia mzee mmoja akimwambia, "Kijana, mvua yetu iko wapi? Kazi umeiacha nusu." Wakacheka. Chenge hakucheka, na leo hakuja kunywa chai.

Mwambie Mutalemwa arudishe mstari wetu, auoneshe kwa Masalu mara moja tu. Mimi nikimwambia ataona ni maneno ya mwanamke. Wewe anakusikiliza.

Shangazi yako,
Bernadeta


Dar es Salaam, 24 Novemba 1996

Shikamoo Shangazi,

Natumaini moshi umekuhurumia kidogo. Sisi wazima, Hellen anakusalimu sana.

Barua yako imenisumbua, lakini pia, nisikufiche, imenifurahisha. Mimi hukaa kwenye majumba ya sinema hapa, watu wanakula karanga na kuzungumza wakati watu wanauawa kwenye pazia. Huko kwenu watu wamesimama. Hiyo ndiyo filamu. Ni mshangao wa mara ya kwanza tu. Mvua ikinyesha watakuwa shambani, watasahau, Chenge atarudi kudoea chai.

Nimeongea na Mutalemwa. Kipande kile hanacho tena, amekwisha rekodi harusi ya Buswelu juu yake. Mkanda pekee wenye mstari wenu ni huu ulionitumia. Kwa sasa nimemwazima mhariri, ameupeleka kwao. Akiurudisha nitamtafuta mtu wa kuaminika nimkabidhi.

Kwa nini usije kula Krismasi nasi? Uyapumzishe macho. Hellen ameshatenga chumba.

Mwanao,
Luhende


Kigongo, 13 Desemba 1996

Luhende mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Ahsante kwa chumba. Siji. Nikiondoka sasa watasema nimekimbia, na aliyekimbia ana lake. Halafu mume wangu amelala hapa nyuma ya nyumba, nimwachie nani?

Mtoto mdogo wa Mhoja amefariki kwa homa. Nilikwenda msibani na unga wangu, kama nilivyokwenda misiba yote ya hapa. Wakaniambia unga niuweke nje. Nikauweka nje, nikarudi.

Mvua bado. Filamu wameionesha tena, mara hii hata Mutalemwa hayupo, Masalu amebaki na mkanda.

Jana Chenge alikuja. Nilifurahi, nikaenda kuchukua kikombe. Hakuingia. Alisimama akawa anaugongagonga mlango kwa vidole, kama mtu anayenunua. Nikamwambia, "Chenge, chai hiyo." Akaniuliza, "Mama, mlango huu ni wa mbao ya mninga?" Nikamjibu ndiyo, aliuchonga marehemu. Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake.

Mwanangu, naogopa. Hilo neno sijawahi kukuandikia hata mwaka ule wa njaa. Mfuate mhariri wako umnyang'anye ule mkanda. Usiuchambue. Utume tu.

Shangazi yako,
Bernadeta


Kigongo, 14 Januari 1997

Shikamoo Shangazi,

Sijui hali yako, na ndiyo maana naandika.

Barua yako niliikuta ofisini baada ya mwaka mpya. Tulikuwa Morogoro kwa wakwe, tunakula na kucheka. Mkanda niliuchukua siku hiyo hiyo nikapanda treni.

Nimefika kwako. Chungu kipo, kitanda kimetandikwa, vikombe viwili viko mezani. Mlango haupo. Haujalala chini, haujaegemezwa ukutani, hauko popote. Nimemkuta Chenge shambani. Anasema ulivuka na pantoni kwenda Busisi. Mkata tiketi wa pantoni, anayekujua miaka yote, anasema hajakuona. Nimevuka mwenyewe hadi kwa shemeji zako, hawajakuona. Polisi wameandika maelezo yangu.

Mvua imenyesha, Shangazi. Inanyesha tangu wiki ile ya mwaka mpya. Kila mtu yuko shambani, na kila ninayekutana naye ananisalimia vizuri sana. Hilo ndilo linalonitisha.

Nilimwomba Masalu aweke mkanda wangu. Hakuja mtu, tulitazama wawili. Na sasa nikuambie usichokijua. Uliniambia nitazame mpaka mwisho. Sikutazama. Nilipoona watu wanapangwa mstari nilizima deki, nikakaa kuandika kwamba kipande kile hakifai.

Chenge anasema jina lake na la baba yake. Wengine wanafuata. Wewe uko wa mwisho, amekushika bega, kitenge kimelowa. Unasema, "Mimi ni Bernadeta binti Luhende, nauza samaki hapa Kigongo. Wenzangu, huko nyuma nilikuwa naigiza tu, mvua ni ya Mungu." Unafuta macho. Halafu unasogea karibu na kamera, Mutalemwa anacheka, unasema, "Luhende mwanangu, umeniona? Nimecheza vizuri?"

Masalu alitoka nje akaniacha peke yangu.

Umecheza vizuri, Shangazi. Barua hii naiacha ndani ya chungu chako, nimeifunika isilowe. Ukirudi, nijibu.

Mwanao,
Luhende