Nta ya Shangazi na Mpira Wako

Dada Tereza,

Nimekaa hapa kando ya kaburi lako, hasira zimenijaa, na sina wa kumwambia ila wewe.

Matiti yangu sasa yamekuwa makubwa na mazito kama yako. Kanga ninayojifungia imenichimba mabega mpaka yana makovu, na nikiinama kwenye tumbaku mgongo hauinuki. Nilikuwa nakucheka, nawe ukinijibu, "Wewe unayecheka, nibebee basi moja!" Leo ninayo yote mawili, dada, na hakuna wa kunibebea.

Daktari wa misheni kule Tabora amekubali kunipasua na kuyapunguza, kama alivyokupunguza wewe. Mume wangu ameridhika. Lakini Shangazi Maria! Kila anayepita uani anaambiwa uliuawa na ule mpira mwembamba wa hospitali uliotokea chini ya kwapa lako baada ya kupasuliwa, eti ulikunyonya damu mpaka ukaisha. Haukukunyonya! Uliwekwa utoe damu chafu na maji ya kidonda. Muuguzi alituonyesha, akasema tuuache udondoshe maji yake. Shangazi akaona bandeji zinalowa, akalia, "Mtoto anavuja, nanyi mnamtazama tu?" Akaziba mdomo wa mpira kwa nta, vile vile anavyoziba kilindo, lile kopo la gome la kuwekea asali, kwake Sikonge. Bandeji zikakauka. Tukafurahi, tukakupikia uji, tukasema umepona. Kumbe maji yamebaki ndani yanaoza, na homa haikukuacha tena. Muuguzi alipoikuta ile nta, mambo yalikuwa yameshaharibika.

Nimemweleza Shangazi mpaka sauti imenikauka. Anasikiliza, anafuta machozi, kisha anasema, "Ndiyo, mwanangu, mpira ni mbaya." Utafanya nini na mtu wa namna hiyo? Anakupenda hata leo, ndiyo maana inaniuma zaidi.

Jana, aliposhindwa kunizuia, akaja na mkeka, sufuria na unga. Anakwenda kuniuguza! Nilipofungua furushi lake nimtilie chumvi, nikakuta pande la nta, limefungwa vizuri kwenye kitambaa safi. Nilitaka kupiga kelele. Nikakaa chini nikalia, halafu nikalichukua.

Nimeliyeyusha, nikatengeneza mshumaa. Ndio huu unaowaka kichwani pako, japo upepo unausumbua. Siondoki mpaka uishe wote.

Lori la Tabora linaondoka kesho. Shangazi atakuja, atanipikia, nami nitamwamkia shikamoo kila asubuhi. Lakini muuguzi nimeshampa habari, na kidonda changu atakigusa yeye tu. Nakuahidi, dada, mpira wangu utadondosha maji mpaka muuguzi autoe mwenyewe, hata kama Shangazi atalia wodi nzima imsikie.

Lala salama. Nikirudi nitakuja kuinama hapa ning'oe haya majani, na mgongo utainuka.

Mdogo wako,
Modesta