Linta Imekaa, Mwanangu

Linta imekaa! Imekauka, miti imetolewa chini yake, na nyumba yetu mpya imesimama. Nimeanza na hilo kabla ya salamu maana lingenipasua kifua. Sasa nakusalimu, mwanangu Okumu. Wote wazima, isipokuwa hasira zangu.

Unakumbuka hapa Naguru, kwenye nyumba ya polisi, ulivyofunga jiwe kwenye uzi ukalining'iniza ukutani? Ulikuwa mdogo, ukasema ukuta wa serikali umelala upande. Marehemu baba yako alicheka hadi kofia ikaanguka, akasema, "Usimwambie afande." Siku ile nilijua nimezaa fundi. Baadaye ukanifundisha kwamba jiwe lile ni timazi, la kuonyesha ukuta umesimama wima, na ile yenye kitone cha hewa ni pima maji, inasema kama tofali zimelala sawa. Nilimeza yote. Sasa wanawake wa kisimani wananiita Injinia. Wakiuliza linta ni nini, nawaambia ni mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha, ubebe ukuta wa juu usituangukie. Zege je? Simenti, mchanga, kokoto na maji, na ndani yake nondo, vyuma vile, kama mifupa kwenye nyama. Nawaambia mwanangu anamwaga hilo Nairobi, ghorofa juu ya ghorofa. Mmoja akanuna. Wa kwake hata banda la kuku hajajenga.

Lakini nimechoka, baba. Simenti dukani hakuna, mpaka uipate kwa magendo Kisenyi, nayo nusu imeshakuwa mawe. Halafu fundi wangu Kato, zege bado bichi, akaja kung'oa boksi, zile mbao zinazolishika likiwa uji, pamoja na miti inayozitegemeza. Eti mkubwa mmoja wa jeshi anazitaka kwake, leo leo.

"Mama Okumu, hii imekauka," akasema, akigonga kwa nyundo.

Nikakumbuka maneno yako: "Linta ni mtoto mchanga, mama. Mnyweshe maji, na usimsimamishe mapema." Na maji nilikuwa nambebea kichwani, asubuhi na jioni, bomba lenyewe limekufa. Basi nikachukua sigiri yangu ya makaa, nikaiweka mlangoni katikati ya ile miti, nikainjika maharage. Lori la mkubwa likaja. Dereva akashuka na bunduki begani, akaniuliza polepole kama siogopi.

"Naogopa ukuta tu," nikamjibu. "Wewe mwanangu, ungeng'oa hii miti mama yako akiwa amekaa hapa?"

Aliitazama sufuria, akaitazama linta. Mbao akaziacha. Toroli yangu akaondoka nayo.

Hasira nyingine ni hii. Uliahidi kwamba kwenye kenchi, zile mbao za pembetatu zinazobeba bati, msumari wa kwanza utaupiga wewe. Kenchi ziko tayari kwa seremala kule Nakawa. Mabati nimeyaficha chini ya godoro, nalala juu yake kama mlinzi. Kungoja siwezi: polisi wanataka nyumba yao, mjane hana cha kubishana, na mvua iko njiani. Nawe unaezekea watu wa Nairobi, kwa sababu wanajeshi walikuja kazini kwenu huku kuuliza majina ya vijana, ukakimbia. Nani ajenge nyumba bila mwenye nyumba?

Baba yako mdogo ameniagiza nikuandikie usije, mpakani bado wanauliza majina. Mkono wangu umekataa kuandika usije. Kuandika njoo nako umekataa. Kwa hiyo jua tu kwamba nyundo ya baba yako nimeifuta kutu, na shangazi zako, majirani, Kato, hata yule aliyenuna, wote nimewaambia siku.

Mimi mama yako, Injinia wa kisimani.

Tunaezeka Jumamosi baada ya Pasaka.