Uso Nilioombwa Kuubadilisha

Kwa ndugu yangu Wanyonyi,

Pokea salamu zangu kutoka hapa Nakuru. Natumai wewe na mama Travis mko salama huko Longonot, na kwamba kile kikohozi cha mtoto kimepungua. Mimi mwili uko sawa. Moyo ndio unanisumbua, na nimeona afadhali niandike, maana kwa simu ningelia tu.

Unaijua kazi yangu ya Milimani, ya kutengeneza gemu za kompyuta. Mimi nachora, Payal, binti wa yule mwenye duka la vitambaa, ndiye anayetunga hadithi. Mwaka huu ametunga habari za wanawake wawili, dereva wa treni na fundi wa reli, wanaopendana kama mume na mke. Usishtuke. Payal alinieleza kuwa amecheza gemu tangu utotoni, na kila akikuta watu wa aina hiyo, mwanamume huwa kichekesho, anatembea akijitingisha ili watu wacheke, na mwanamke huuawa hata hadithi haijafika mbali. Hawa wa kwake alitaka wazeeke pamoja, wafuge kuku, wagombanie redio.

Fundi nilimtoa kichwani mwangu mwenyewe, mwenye shingo ndefu na pengo la meno, nikampenda. Kisha akaja msichana mmoja, Chemutai, kurekodi sauti ya huyo fundi. Ana sauti nzuri, siwezi kumnyima haki yake. Tangu siku hiyo Payal akawa anampelekea chai ya tangawizi kwa kikombe chake mwenyewe, na wakicheka kule nyuma ya kioo cha chumba cha kurekodia, mimi kalamu inanitoka mkononi. Chakula cha mchana tulikuwa tukila wawili. Tukawa watatu, halafu nikajikuta nakula peke yangu. Juzi Payal akaniomba nimpe fundi uso wa Chemutai.

Ndugu yangu, wivu ulinishinda. Mbele ya wenzetu wote nilisema afadhali huyo fundi afe, agongwe na treni, kwani wachezaji wamezoea hivyo na hakuna mzazi atakayelalamika. Payal akanitazama, akasema polepole, "Nerima, hata wewe unataka tufe?"

Hakusema wafe. Alisema tufe. Nilitoka nikasimama chini ya mijakaranda ya pale nje, nikaelewa kwamba Payal anampenda Chemutai, na kwamba mimi nampenda Payal. Hilo ndilo nililotaka ulijue. Yule mwalimu uliyetaka anioe sikumkataa kwa maringo. Niko hivi tangu zamani, ni vile tu nilikuwa naogopa kukupoteza.

Nilirudi ndani nikaomba msamaha, nikaketi kuuchora ule uso. Kila mstari ulinichoma. Hata hivyo nilimchora Chemutai vizuri kuliko nilivyowahi kumchora mtu, ana mvi, amezeeka, mzima wa afya. Payal alipouona alimshika Chemutai mkono mbele yetu sote, nami nikajifanya natafuta kifutio. Wivu haujaniisha, sitakudanganya. Lakini fundi hatakufa.

Mama usimwambie, nitamwambia mwenyewe nikipata nguvu. Kama mimi bado ni dada yako, njoo Kikopey Jumamosi tule nyama. Nitafika mapema, nishike meza ya watu wawili.

Nisalimie mama Travis, na mtoto umkumbatie kwa niaba yangu.

Ni mimi wako,
Nerima