Mabomba na Mapambo

Jumatatu, 3 Machi

Sijamwambia mtu, hata Mama. Ni mimi! Serikali ilipotangaza kwamba kuanzia Aprili fundi asiye na cheti cha mafunzo ya watu wazima hagusi kazi, Baba alinipa simu. "Jaza fomu wewe, Msomi. Wewe una lugha mbili, mimi nina spana." Kwenye orodha ya fani kulikuwa na Mabomba, chini yake Mapambo. Kidole kikateleza. Nikatuma.

Leo Baba, fundi bomba, ameanza kozi ya kupamba kumbi za harusi.

Jumatano, 12 Machi

Karudi na gundi kwenye ndevu. Ofisini wanasema mfumo haukosei, na akiacha kozi hii anafungiwa kozi zote. Basi anasuka riboni. Mama kamuuliza bibi harusi ni nani. Baba akasema tafadhali, Mama Msomi, kesho nina mtihani wa maua. Nimecheka kuliko wote — mnafiki mimi!

Ijumaa, 21 Machi

Makubwa! Wamepamba ukumbi, wanamsubiri mgeni rasmi — bomba la chooni likapasuka. Maji mpaka kwenye zulia jekundu! Baba akakunja mikono ya shati. Mkufunzi akamzuia: "Mzee, wewe ni mapambo. Bomba huna cheti nalo." Wakatafuta fundi mwenye cheti. Hayupo hata mmoja, wote bado wako darasani. Baba akalizungushia bomba utepe wa waridi, akaukaza, akachomeka na ua. Maji yakakata. Kapewa alama za juu kabisa — za ubunifu.

Mama kacheka hadi machozi. Baba hakucheka.

Jumapili, 23 Machi

Kumbe fani inabadilishwa! Ila aliyejaza aende mwenyewe, aseme mbele ya kamati kwamba alikosea. Mwisho kesho. Kamati! Mimi ambaye darasani nikiitwa jina, hata "nipo" haitoki.

Nimemsikia Baba jikoni akimwambia Mama kwamba amekataa. Mtoto wake hakosei, ni huo mfumo wao, na hawezi kumpeleka akadhalilishwe na watu wazima. Afadhali apambe. Sasa spana zinagongana sebuleni — anazipanga, anazifuta moja moja.

Nitamwambia. Leo hii. Nikimaliza tu huu msta—

Kandambili zake, koridoni.

"Msomi! Njoo na simu, uniandikie tangazo. Nauza spana. Andika wewe, mimi nitakosea."

Daftari chini ya mto, anashika kitasa cha mla—