Sauti ya Evode mu Mashini Tatu

Siku ya posho, tarehe 6 mwezi wa munane

Nyimbo za Evode zimepotea! Zote zenye yeye njo anaimba solo. Ingine ziko — za Noeli, za Pasaka, hata ile ya ndoa ya Kitchanga yenye mutoto analia katikati. Za Evode, hata moja hakuna. Mu laptop yangu hakuna. Nikatelemuka ku biro ya paroisse, pale ku kanisa: hakuna. Kwa Papa Straton, ku secrétariat yake fasi tunaprintisha: hakuna.

Pierre, bwana yangu, anasema programme imeharibika. Kuharibika gani kwenye kunachagua sauti ya mutu mumoja?

Mimi njo nachunga nyimbo za korali. Naandika vile nilipanga, nisijidanganye. Mashini tatu, dossier moja ya korali yenye nyimbo zetu zote. Biro ya paroisse iko jirani na Papa Straton, wifi yake inafika pale, na mimi nabeba laptop yangu kwake. Zikikutana, zinalingana. Ukiongeza wimbo ku moja, unafika ku zote. Ukifuta ku moja, unafutika ku zote. Telefone yangu tu njo tofauti. Naiunga na kamba kila siku ya posho, mbele ya yenga, na niliiambia ipokee, isifute.

Kwa hiyo Evode angali mu telefone. Nilisikiliza kidogo. Iko.

Huu ni mwaka wa pili tangu atoke hapa Mweso kwenda Hombo kutafuta mafuta ya ngazi, ya mawese, ya kuuzisha. Hakurudi. Wenye silaha? Maji? Hakuna mwenye anajua. Sauti tu njo ilibakia. Na sasa mutu anaifuta.

Siku ya yenga, tarehe 7

Nimezirudisha zote, kutoka telefone mupaka mashini. Kiisha misa nikamuangalia Callixte vizuri. Callixte njo dirigeant wetu, mwenye kuongoza korali, tangu Evode apotee. Kila répétition, tukijizoeza kuimba, watu wanamuambia: Evode aliifanya hivi, Evode aliifanya vile. Anacheka na meno tu.

Na ufunguo wa biro iko naye.

Siku ya ine, tarehe 11

Zimepotea tena!! Jana mangaribi zilikuwa. Hapana — muongo. Jana sikuangalia. Asubui ya jana zilikuwa. Tangu pale, sijue.

Basi ni mukono wa mutu.

Siku ya tano, tarehe 12

Nimekosana na Callixte. Nilimuuliza polepole, lakini alisikia chenye niko nasema ndani.

— Dada Adelaïde, unaniita mwizi wa nyimbo?

— Siiti mutu. Nauliza nani aligusa mashini ya biro.

— Mimi njo nazitafuta zile nyimbo! Nitafundisha nini korali ku misa ya Evode? Niimbe mimi na hii sauti yangu ya mbuzi?

Akaweka ufunguo mu mukono wangu na akaenda. Nilisikia haya kidogo. Lakini mutu mwenye kosa naye anajua kukasirika.

Misa yenyewe ni tarehe 28. Ni Mama Byukusenge, mama ya Evode, njo aliomba. Amechoka kungojea. Anasema kama hana kaburi, awe hata na misa.

Siku ya posho, tarehe 13

Nimerudisha nyimbo mara ingine. Papa Straton anaapa kama hajafuta kitu. Yeye kazi yake ni kuongeza, asema: dereva akipita na wimbo wa kanisa mu clé USB, anaukopia na anautupa mu dossier yetu, tufurahi wote. Nikamuuliza nani mwingine anakamata ile mashini. Akakuna kichwa. «Kila siku ya tatu ya juma naenda soko. Mama Uwizeye njo anabakia.»

Mama Uwizeye — Nicole! Bibi ya Evode mwenyewe. Nilicheka. Kiisha nikaacha kucheka.

Siku ya tatu, tarehe 17

Nilienda kwa Straton na programme ya misa, eti nakuja kuprinta. Nikaikala ku kiti ya wateja, nyuma ya Nicole kidogo. Aliandikia mwalimu mumoja barua, akaprinta, akamusindikiza na maneno mazuri. Alifikiri naangalia telefone. Akafungua dossier ya korali. Hakutafuta sana, anajua fasi ziko. Akafuta. Kiisha akafungua corbeille, fasi vyenye kufutwa vinabakia, akafuta na mule.

Nikainamisha macho ku telefone.

Akageuka: «Dada Ade, ngapi kopi?» Uso muzuri, kama kila siku.

Kwa nini mwanamuke afute bwana yake?

Siku ya tano, tarehe 19

Nimepata jibu: anataka kuolewa. Na nani? Na Callixte! Tangu juzi nawaangalia. Ku répétition alimupa kiti. Walisimama karibu na dirisha wakisema polepole. Nikasogea: walikuwa wanasemea bei ya maharagi. Ao walibadilisha maneno waliponiona.

Pierre naye ananiangalia vibaya. «Siku hizi unaenda na telefone mupaka ku choo. Iko nani mule?» Nikamuambia ni Evode. Hakucheka.

Siku ya yenga, tarehe 21

Mungu wangu.

Nilikuwa nachambua maharagi ku baraza, telefone inajichagulia nyimbo yenyewe. Ukaanza wimbo wenye sijue. Gitare mbili, ngoma ndogo, wanamuke wanaitikia. Nikafikiri ni moja ya zile za madereva. Kiisha solo akaingia.

Maharagi ilimwangika.

Ni yeye. Anavuta pumzi mbele ya neno la mwisho, vile Papa Padri alikuwa anamukatalia kila mara. Nikaangalia jina: «Korali Hombo». Ulishuka mu telefone mwisho wa mwezi wa saba. Mu mashini tatu haumo tena. Nao ulifutwa, na mimi sikujua hata kama ulikuwa.

Nikajiambia ni wa zamani, labda waliimba naye mbele apotee. Nikausikiliza mupaka mwisho. Pale gitare inanyamaza, watu wanapiga mikono, na mwanamuke anaita kwa sauti, karibu na kamera ao telefone, sijue: «Papa Astrid! Tena moja, Papa Astrid!» Na Evode anacheka. Kicheko chake, chenyewe.

Papa Astrid.

Hapa Mweso anaitwa Papa Uwizeye. Mutoto wake ni mumoja, Uwizeye, na mimi njo nilimubeba ku ubatizo.

Siku ya kwanza, tarehe 22

Nilimufuata Nicole mu shamba, njia ya Burungu. Alikuwa peke yake na jembe. Sikuzunguka.

— Nilikuona unafuta. Na ule wa Hombo, nimeusikia.

Akasimama. Akapanguza mikono ku kitenge, polepole sana.

— Mupaka mwisho?

— Mupaka mwisho.

— Basi unajua. Unaniuliza nini?

— Kwa nini za zamani nazo? Ungefuta ule mumoja tu.

— Madereva watauleta tena. Ukibakia peke yake, ni mutu mwenye anaimba vizuri kule Hombo, basi. Lakini mukiwa na sauti ya zamani pembeni, hata mutoto atalinganisha.

Nikasema labda wanamuzuia, labda njia imefungwa, labda iko mugonjwa. Akaniangalia kama mimi njo mutoto.

— Dereva alinipa numero. Nilipiga. Aliitika mwanamuke. Nikauliza ni kwa nani, akasema ni kwa Papa Astrid, nimupe yeye? Nikakata.

Akaanza kulima tena. Anasema akiinama, bila kuniangalia. Leo watu wanamusalimia na heshima, bibi ya mwenye alipotea. Kesho ataitwa bibi ya kuachwa. Hili shamba ni la mama mukwe, na wadogo wa Evode wanalitafuta. Na Mama mwenyewe, na ule mutima wake wenye kugonjwa?

— Lakini Nicole, tunaenda kusomea misa ya wafu mutu mwenye iko anaimba!

— Kwangu alikufa. Na wewe uko na telefone. Ifute.

Nikarudi na njia ya juu, nisikutane na mutu.

Siku ya ine, tarehe 25

Sijafuta. Kila mara naweka kidole, nakiondoa.

Na sasa sijue kama Nicole aliniambia yote. Alipiga mara moja tu? Mutu anapiga mara moja na anakata? Labda waliongea. Labda Evode mwenyewe njo alimuambia: nifute.

Ku répétition Mama Byukusenge alikuja kutusikiliza. Aliikala katikati ya Nicole na mimi. Akasema: «Nyinyi wawili, siku hizi munaangaliana sana.» Nikasema ni kazi ya misa. Callixte akanihurumia na macho — hata yeye anajua kitu? Hapana. Nimeanza kuwa kama mwenye kichaa.

Siku ya posho, tarehe 27

Wako inje. Naandika ku jiko, maji ya chai iko moto.

Mama Byukusenge alifika na telefone yake ndogo, Nicole anamushika mukono. Anataka nyimbo za mutoto wake, azisikie mbele ya misa ya kesho. Nikasema nitamuletea kesho. «Kesho watu watakuwa wengi. Nipe sasa, mwanangu.» Nicole aliniangalia. Nikasema nyimbo ziko mu telefone yangu tu, nitachagua. Sikumaliza kusema — Mama alinyoosha mukono, nikamupa telefone yangu. Ningemunyima namna gani?

Akasikiliza wa kwanza, macho yamefungwa. Wa pili akaitikia kidogo. Halafu telefone ikajipitisha yenyewe. Gitare mbili.

Nicole alinyoosha kidole akakata. Upesi, kama mwenye kufukuza inzi.

— Mbona umekata? Huo siujue. Aliuimbia wapi?

Nikasema naenda kuangalia chai.

Niko nawasikia ku dirisha. Mama anauliza tena. Sauti yake si ya mugonjwa.

— Mama Uwizeye. Mutoto wangu aliuimbia wapi huu wimbo?

Maji inachemuka, siitoshi ku moto.

Gitare imeanza tena. Nani aliigusa? Siwaoni. Nasikia kiti inasogezwa karibu na ingine, na Nicole anasema, polepole lakini nasikia:

— Ikala vizuri, Mama. Nipe mukono. Tutausikia mupaka mwisho.

Evode ameingia. Anaimba. Naacha kuandika.