Ndala za Babu Yako Mlangoni kwa Jirani

Mjukuu wangu Salma,

Hapa Bwiza tu wazima, na mama yako amerudia kushona. Unauliza kwa nini bado namtazama mpelelezi yule wa zamani kwenye televisheni, wakati kila muuaji namjua tayari.

Tulipokuwa tumeoana karibuni, nilikuta ndala za babu yako mlangoni kwa jirani yetu mjane, mwenye televisheni. Wivu ukanipanda, nikazibeba nyumbani. Akarudi pekupeku, wala hajui kama miguu iko mitupu.

“Kumbe apana daktari,” akaniambia, macho yanang’aa. “Ni muke wake aliua.”

Mimi hakuwahi kunitazama hivyo. Ameshatangulia, Mungu amrehemu, na mpelelezi bado yupo. Kila siku namkazia macho, nione alinizidi nini.

Bibi yako